Kigezo cha Tano

Umeme ulikatika Lindi mjini tangu alfajiri, na steshenari moja tu karibu na stendi ndiyo iliyokuwa na jenereta. Mlango wake ulijaa watu: waliotaka nakala za vyeti vya kuzaliwa, waliotaka picha za pasipoti, na mwinjilisti mmoja aliyeshika ratiba ya kwaya akilalamika kwamba alifika kabla ya wote. Katikati ya msukumano huo alisimama Biasha, mwalimu wa Jiografia kutoka Kilwa Masoko, amevaa gauni la kitenge cha kijani na mtandio wa rangi ya maziwa, jasho likimtiririka shingoni. Alikuja Lindi kwa semina ya walimu, na semina ilikuwa karibu kuanza.

Karatasi zake zilipotoka kwenye mashine hakuzipata yeye. Alizipokea mwanamume aliyekuwa mbele yake, mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, mikono imekunjwa hadi viwiko. Alidhani ni zake. Akaanza kuzisoma, na hata alipogundua si zake hakuacha.

"Samahani kaka, hizo ni zangu," Biasha alimwambia.

"Nimeshajua," akajibu bila kuinua macho. "Zangu hazijaandikwa vizuri hivi."

Kilichomvutia kilikuwa rubriki. Hilo ni jedwali analopanga mwalimu ili mwanafunzi ajue mapema kazi yake itapimwa kwa vigezo gani, na katika kila kigezo mtu anaweza kuwa anaanza, anakaribia au amefika. Biasha alitengeneza lake kwa ajili ya kundi la WhatsApp la darasa lake. Lilikuwa na vigezo vinne: usahihi wa maelezo, ushahidi, lugha, na namna mtu anavyojibu hoja za wenzake.

"Na mwanafunzi akiandika 'safi sana' halafu akaondoka?" yule mwanamume aliuliza.

"Huyo anaanza."

"Na anayesoma kila kitu asiandike hata neno?"

"Huyo namfuata pembeni nimuulize kulikoni."

Hapo ndipo alipoinua macho, akatabasamu. "Basi mimi nitanyamaza," akasema, "nifuatwe."

Biasha alimnyang'anya karatasi zake akatoka, lakini njia nzima alikuwa anauma mdomo asicheke peke yake barabarani. Semina ilipoanza akamwona mtu yuleyule amesimama mbele ya ukumbi ameshika kipaza sauti. Jina lake Abilahi, mratibu wa mradi wa Darasa Wazi, uliowafundisha walimu wa mwambao kupima maendeleo ya wanafunzi kwa kutumia mitandao. Kabla ya chai alikwisha kumwita Biasha mbele aeleze rubriki yake kwa wenzake. Kabla ya kufunga alikuwa na namba yake ya simu, kwa ajili ya kazi, alisema.

Alimpigia siku ileile, basi halijafika Nangurukuru. Alitaka kujua kama amepata kiti cha dirishani. Kesho yake akapiga kuuliza kama viatu vilimbana, maana alimwona akichechemea. Wiki haikuisha Biasha akawa hawezi kusahihisha madaftari bila kutupia jicho simu, na ikilia anaiacha ilie kidogo ili asionekane alikuwa anaingojea.

"Mwalimu, na mimi nimo kwenye jedwali lako?" Abilahi alikuwa akimtania. "Leo nimefikia wapi?"

"Unaanza."

"Wiki nzima naanza?"

"Wapo wanaorudia darasa, baba. Usikate tamaa."

Abilahi alizaliwa Kiswere, akalelewa na shangazi yake Lindi baada ya kufiwa na wazazi. Alisoma mpaka chuo kikuu, akahangaika Dar es Salaam na kazi za kushika na kuacha, na mradi huu ndio uliomrudisha kwao. Alikuwa na gari la kuazima kutoka kwa kaka yake, na kila alipopata safari ya Kilwa hakukosa kumletea Biasha halua au mtandio. Walikula wali wa nazi na changu katika kibanda cha mama mmoja nyuma ya soko la Masoko, wakibishana kuhusu kila kitu, toka siasa mpaka namna ya kukaanga samaki. Mama mwenye kibanda alizoea kuwawekea meza ya pembeni bila kuulizwa.

Darasani nako mambo yalikwenda vizuri. Simu shuleni zilikuwa marufuku, lakini mkuu wa shule, Mwalimu Nikodemo, alitoa kibali kazi zifanyike nyumbani kwa simu za wazazi. Alimpa Biasha onyo moja tu. Kinachotoka ndani ya kundi lile, alimwambia, kitamrudia yeye Biasha. Wanafunzi walipolielewa jedwali waliacha kuandika "safi sana". Wakaanza kuulizana maswali, kuleta picha za ufuo ulioliwa na maji, kusahihishana bila kutukanana.

Na alikuwepo Somoe. Msichana huyu wa kidato cha tatu alilelewa na mjomba wake Jafari, mchuuzi wa samaki. Darasani hakuwahi kunyoosha mkono; ukimwita anasimama, anatazama dawati, machozi yanamlenga. Lakini kundini, kwa simu ya mjomba, alikuwa mtu mwingine. Siku moja mwenzake alieleza kwamba bahari inakula ardhi kwa sababu ya mawimbi, Somoe akamuuliza: mbona upande wenye mikoko hailiwi, na mawimbi ni yaleyale? Biasha alilirudia swali lile akilisoma huku anatembea chumbani. Akampigia Abilahi amsomee. Abilahi alisikiliza, kisha akasema mtoto kama huyo hafai kufichwa ndani ya kundi la watu arobaini.

Alilirudia jambo hilo walipokutana kibandani. Jedwali la Biasha lina upungufu, alisema. Linahitaji kigezo cha tano, mwitikio: mwanafunzi amewafikia watu wangapi, na wamesema nini. Kazi bora zitolewe kwenye ukurasa wa mradi ambako kila mtu anaona.

"Mtoto hana mamlaka juu ya watu wanaomtazama," Biasha alimjibu. "Nitampimaje kwa kitu kisichokuwa mikononi mwake?"

"Maisha yenyewe yanampima mtu hivyohivyo."

"Ndiyo maana kukawa na shule."

Abilahi alisogeza sahani pembeni. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa ya semina. "Biasha wangu, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Wakubwa wanataka idadi ya watazamaji. Nisipowapa, wananiondoa huku kusini. Unataka niwe nakupigia simu kutoka Kigoma?"

Biasha alitaka kumwambia kwamba hilo halihusiani na watoto wake. Akili ilisema hapana, ulimi ukasema sawa. Aliweka sharti: hakuna kazi itakayotoka bila yeye kuiona na mzazi kukubali. Abilahi alilikubali, akamshika mkono juu ya meza, mbele za watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Kigezo kiliingia, na darasa likabadilika. Kijana mmoja alicheza muziki akiwa na jongoo bahari begani, na watu wakamiminika kumtazama. Maelezo yake yalikuwa ya hovyo, lakini penye mwitikio jedwali lilisema amefika. Somoe alirekodi kazi juu ya mikoko, sahihi kila neno, ikatazamwa na watu wa kuhesabika, mmoja wao mjomba wake. Jumatatu alimfuata Biasha ofisini.

"Shikamoo mwalimu. Nimekosea wapi?"

"Marahaba. Hujakosea popote, mwanangu."

"Mbona hicho cha tano kimeandikwa naanza?"

Biasha alikuwa na jibu la kweli, na jibu hilo lilikuwa kukifuta kigezo. Badala yake akamwambia safari ijayo achague jambo linalowagusa watu.

Somoe alitii. Kazi iliyofuata ilihusu uharibifu wa bahari, akaipandisha kundini Ijumaa mchana. Alisimama kando ya beseni la samaki uani kwao, akampasua mmoja kwa kisu, akaonyesha uti wa mgongo uliovunjika na damu iliyovia tumboni, akaeleza kwa utulivu kwamba hivi ndivyo alivyo samaki aliyeuawa kwa baruti, na kwamba baruti ile ndiyo inayoua mazalia ya samaki na kuacha miamba imekuwa kokoto. Ushahidi ulikuwa mikononi mwake. Nyuma ilisikika sauti ya Jafari akicheka, akimwambia mteja kwamba wa baruti ndio wenye faida, na wale vijana wanaoleta ni wa hukuhuku.

Biasha aliitazama mpaka mwisho. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kupokea, na haikupaswa kuonwa na mtu wa nje. Alipanga Jumatatu akae na Somoe na mjomba wake wazungumze taratibu. Akampigia Abilahi, ambaye naye alikuwa kundini.

"Hii ya Somoe haitoki," alimwambia. "Sauti ya mjomba wake imo."

"Nimekuelewa, mpenzi."

Jumamosi asubuhi video ilikuwa kwenye ukurasa wa mradi. Jioni ilikuwa imeenea nchi nzima. Watu walimsifu binti jasiri wa Kilwa, wengine wakamwita msaliti wa wavuvi, wengine wakaandika mambo juu ya mwili wake ambayo Biasha aliyasoma akafunga simu. Jumatatu maofisa wa uvuvi walimchukua Jafari. Usiku uliofuata mawe yaliangukia bati la nyumba yake, na mke wake, akiwa na watoto wadogo ndani, hakuona njia nyingine: akamfungia Somoe nguo zake akampeleka kwa bibi yake Miteja, shambani. Nyumbani wote waliamini kwamba Somoe aliitoa video mwenyewe, kwa kutafuta sifa. Alipoulizwa alisema hajui.

Abilahi alifika Masoko siku ileile Jafari aliyochukuliwa, shati limekunjamana, macho mekundu. Alieleza kwamba vijana wa ofisi ya Dar es Salaam waliingia kundini wakaichukua kabla hajawahi kuwaambia kwamba haitoki. Biasha alimwamini. Angemwamini nani mwingine, kama si huyu aliyeendesha gari kutoka Lindi bila hata kunywa chai?

Kikao kiliitwa shuleni. Mradi ulileta maelezo kwamba haurushi kazi yoyote bila idhini ya mwalimu husika. Macho yote yalimgeukia Biasha. Yeye alimtazama Abilahi aliyekaa karibu na dirisha, na Abilahi alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye alimweleza kwamba akiwapinga wakubwa zake hadharani watazama wote wawili. Amwachie alimalize kimyakimya. Kundi likafungwa, Biasha akapewa barua ya onyo na kuondolewa kidato cha tatu. Sokoni wanawake walinyamaza akipita. Muuza dagaa mmoja, jirani wa Jafari, alimgeuzia mgongo akiwa ameshapima kipimo chake.

Siku zile Abilahi hakumwacha. Alipiga asubuhi, alipiga mchana, alipiga jioni. Alimbembeleza ale. Na mwisho, wakiwa wamekaa garini mbele ya nyumba ya mama yake Biasha, alisema anataka kuleta wazee.

"Sasa hivi?" Biasha alimuuliza. "Watu wananitazama hivi?"

"Sasa hivi ndiyo. Wakutazame ukiwa mke wangu."

Biasha alilia, akaufunika uso kwa ncha ya mtandio. Alijiambia kwamba mwanamume ni huyu, anayekuja wakati wengine wanaondoka.

Posa ililetwa na shangazi wa Abilahi, mwanamke mnene mwenye hina mpaka vifundoni, aliyecheka kwa sauti na kumsifu Biasha hata kwa namna alivyomwaga chai. Mambo yalikubaliwa, harusi ikapangwa baada ya Ramadhani. Mama yake Biasha alikwisha kukatisha kitambaa cha sare kwa ajili ya wanawake wa mtaa, cha zambarau, na hata wale walionyamaza sokoni wakaja kuchukua vipande vyao.

Furaha ile ilikuwa na mwiba ndani. Biasha hakutaka kuolewa kabla hajaenda Miteja kuomba radhi. Abilahi alimzuia kwa upole. Yaliyopita si ndwele, alisema, tugange yajayo. Na kwenda kule ni kutonesha kidonda cha watu. Biasha alimsikiliza, kisha siku moja ya mapumziko akapanda gari peke yake akaenda.

Alimkuta Somoe nyuma ya nyumba akipepeta ufuta kwa ungo. Msichana alikuwa ameungua na jua, mikono imekuwa migumu. Aliamkia, akatandika mkeka, akaenda kuleta maji ya kunywa. Mjomba Jafari alikuwa ametoka mahabusu kwa dhamana, alisema, naye amehamia hapo na familia yake. Leo wako shambani, kabaki bibi tu ndani. Biasha alianza maneno aliyoyaandaa njia nzima. Hakufika nayo mbali.

"Mwalimu, mimi sikukasirika ulivyoitoa video," Somoe alimkatiza kwa sauti ndogo. "Nilikasirika hukuja kuniona."

"Mimi sikuitoa, Somoe."

Ungo ulisimama. "Mwalimu Abilahi alinipigia Ijumaa ile jioni kwa simu ya mjomba. Alisema umekubali. Alisema umeona ni bora kuliko zote, na kigezo cha tano utaniandikia nimefika. Akaniuliza kama mjomba yuko karibu, nikamwambia ameenda sokoni, ameiacha simu kwenye chaji. Akasema haina shida, wewe utazungumza naye." Somoe alichezea ufuta kwa vidole. "Nikasema sawa. Hapa nyumbani sijamwambia mtu kwamba nilisema sawa."

Biasha alikunywa yale maji yote. Hakujua alimuagaje bibi, wala alifikaje barabarani.

Hakumpigia Abilahi. Alingoja apige mwenyewe, naye akapiga, akiwa na furaha, ana habari za ukumbi na za mpishi wa biriani aliyependekezwa na shangazi. Biasha alimwacha amalize.

"Abilahi. Ijumaa ile ulimpigia Somoe?"

Upande wa pili zilisikika kelele za bodaboda na mtu akiuza maji.

"Nani kakwambia?"

"Hujanijibu."

"Nilimpigia," akasema.

Kisha maneno yakamtoka kwa wingi. Ripoti ilikuwa inaondoka Jumatatu. Idadi zilikuwa chini, walikwisha kumwambia hataongezewa mkataba. Aliiona video akajua hii itawashangaza. Wallahi hakufikiria habari ya maofisa, wala mawe, alifikiri watu wataona kazi nzuri ya mtoto, basi. Alifanya ili abaki kusini. Abaki naye.

"Na kwenye kikao?"

"Nilikuwa nimeshachelewa, Biasha. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitasema."

Biasha alikaa kitandani, simu sikioni, akitazama gauni la harusi lililoning'inia kwenye msumari likiwa bado ndani ya nailoni. Alitafuta chuki moyoni asiione. Aliona tu uchovu, na chini ya uchovu, aibu ya kwamba bado anaipenda sauti ile. Akamwambia hataki aseme lolote kwake yeye. Anataka waende wote Miteja, na huko, mbele ya wazee, aseme kwa kinywa chake alichofanya. Yule mtoto anaishi na lawama isiyo yake.

"Ukisema, mimi nitakuwa upande wako," alimwambia. "Hata wakikutukana."

"Nitasema," Abilahi akajibu.

Walikwenda Jumamosi. Abilahi alivaa kanzu na kofia, akanunua sukari na mchele kwa ajili ya bibi. Garini alimshika Biasha mkono, naye akauacha ushikwe. Alikuwa na matumaini, na matumaini yale yalimfanya amtazame mwenzake kwa pembeni kama siku za mwanzo, akimwona mzuri.

Walikaribishwa barazani. Bibi yake Somoe alikaa juu ya kigoda, Jafari kwenye mkeka, mke wake mlangoni na mtoto mgongoni. Jafari alikuwa amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Somoe alikaa nyuma kabisa, amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Baada ya salamu na kuulizana hali, Abilahi alikohoa akaanza. Alisema wamekuja kwa unyenyekevu. Alisema teknolojia ni kitu kipya, ina faida na ina changamoto zake. Makosa yalifanyika. Mfumo haukuwa na ulinzi wa kutosha, na mradi umejifunza.

Jafari alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, mimi sikusoma sana," alisema bila hasira. "Biashara yangu ilikuwa chafu, nimeshaadhibiwa na nitaadhibiwa tena, sina neno. Nataka kujua kitu kimoja. Mtoto huyu tunamlaumu hapa ndani kila siku. Mkono ulioitoa ile video ni wa nani?"

Abilahi alifungua kinywa. Biasha, aliyekaa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya udi kwenye kanzu, alimgeukia.

"Kwa kweli mzee," Abilahi alisema, "mitandao hii... ni vigumu kujua."

Nyuma, Somoe aliinua uso akamtazama. Halafu akainama tena, akaivuta kanga mbele, kama mtu anayemstahi mkubwa aliyejikwaa hadharani.

Ni kule kuinama ndiko kulikomnyanyua Biasha. Alipiga magoti mbele ya bibi.

"Somoe hakuitoa," alisema. "Tuliitoa sisi tuliomfundisha. Alipigiwa simu, akaambiwa mwalimu wake ameruhusu na mzee wake ataambiwa. Angekataaje? Na kabla ya hapo mimi nilikubali apimwe kwa wingi wa watu wanaomtazama, nikijua si haki. Mkitafuta mkono, na wangu umo."

Hakumtaja mtu jina. Hakukuwa na haja. Jafari alikuwa anamtazama Abilahi, na Abilahi alikuwa anatazama sukari aliyoileta.

Mke wa Jafari alianza kulia. Alimgeukia Somoe, akamsogelea. Bibi akaweka kiganja kichwani kwa Biasha.

"Umesema, mwanangu, Mungu akulipe. Mtoto atarudi shule, tutamtafutia Lindi kwa ndugu zetu." Akauondoa mkono. "Lakini si kwako. Wewe usimfuate tena."

"Nimesikia, bibi."

Wakati wa kuaga, Somoe alimshika Biasha mkono kwa heshima akasema shikamoo, ingawa walikuwa wanaachana. Biasha aliitikia marahaba. Hayo tu.

Walirudi mpaka Nangurukuru. Pale njia panda, magari ya Masoko yakijaza abiria na kina mama wakipitisha machungwa madirishani, Biasha alimwomba asimamishe gari.

"Neno nilikuwa naliweka mdomoni likikwama," Abilahi alisema, mikono bado juu ya usukani. "Jafari angepiga simu ofisini. Ningefukuzwa kazi siku ileile. Tungeanzaje maisha, Biasha? Ungeolewa na mtu asiye na kazi?"

"Ningeolewa naye," Biasha alisema. "Leo hii, kwa furaha."

Abilahi aligeuka kumtazama, na Biasha aliona kwamba sasa ameelewa, na kwamba kabla ya hapo jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini. Alishuka, akaufunga mlango taratibu usije ukagonga.

Nyumbani mama yake alikuwa anashona pindo. Alimtazama mwanawe usoni, akaiweka sindano. Alimwachia chumba, akatoka nje kwenye kibaraza walipokuwa wamekaa wanawake wa mtaa na vitambaa vyao vya zambarau. Biasha, amejilaza na viatu vyake, alisikia sauti ya mama yake kupitia dirishani, tulivu kama anayetaja bei ya vitumbua: "Harusi haipo. Vitambaa kaeni navyo. Na mwanangu asiulizwe." Mtu mmoja akasema inna lillahi, kama kwamba kuna aliyekufa.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha simu ilipolia. Aliiacha ikate. Ikalia tena, akapokea.

"Umekula?" Abilahi aliuliza.

"Bado."

Biasha alisikia pumzi zake, na bila shaka Abilahi alizisikia za kwake. Kila mmoja alingoja mwenzake akate. Hakuna aliyekata. Wakakaa hivyo, simu zimepata joto masikioni mwao, mpaka kifurushi cha Abilahi kilipokwisha na mtandao ukawakatia.